Jiwe Lenye Tumbo

Neno matumbawe nililisikia kwa mjukuu wangu Anitha, tena nililisikia vibaya. Nilidhani anasema matumbo ya mawe. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Bibi, wala hujakosea sana! Lile jiwe lina uhai. Lina tumbo, linakula, linazaa."

Basi siku ya maonyesho chuoni kwake nikatoka kijijini kwetu Mkonze na khanga yangu mpya. Walimu watatu walikuwa wanapita meza kwa meza, wachague utafiti mmoja tu wa kuendelezwa. Anitha alitaka kurudi Mafia, kisiwani alikoyachunguza matumbawe. Asipochaguliwa, kazi yake ya miaka miwili inaishia pale mezani.

Mkubwa wao, Daktari Cornel, akaniamkia vizuri, kisha akamgeukia mtoto. "Binti, sisi Dodoma hata samaki tunamjua akiwa mkavu. Matumbawe yanatuhusu nini?"

Wenzake wakacheka. Anitha akapekua karatasi zake, akazichanganya zote.

"Kitendawili!" nikasema.

Walimu wakatazamana. Mmoja, Mwalimu Sidonia, akaitika kwa furaha, "Tega!"

"Jiwe langu lina tumbo, likipata homa linageuka jeupe."

"Chokaa," akasema Cornel.

"Chokaa ina tumbo, baba?"

"Aa, nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Chukua Zuzu."

"Zuzu ninapo, dada yangu kaolewa huko. Nataka Mafia."

"Haya bibi, Mafia nimekupa."

"Nilikwenda Mafia, nikakuta matumbawe yana homa. Bahari imepata joto, yamekuwa meupe kama mifupa. Lakini katikati, moja limebaki na rangi yake. Sasa wewe, mvua ikikimbia, uwele wote ukakauka, likabaki shina moja limezaa, unalifanyaje?"

Cornel akaweka kalamu mezani. "Mama yangu alikuwa analifunga kitambaa, lisiliwe. Hiyo ndiyo mbegu ya mwaka unaofuata."

"Mwonyeshe, Anitha."

Anitha akatoa picha. Chini ya maji, kati ya meupe matupu, tumbawe moja la kahawia, limefungwa utepe mwekundu, vile vile ninavyofunga mimi shambani.

"Kama hili yako kumi na tisa," akasema, karatasi hazitazami tena. Atakata vipande vidogo, avikuze kwenye matangi, aongeze joto la maji taratibu. Vitakavyostahimili vitapandwa pale wenzao walipokufa, samaki wapate tena pa kuzalia. Cornel akauliza maswali saba, nilikuwa nahesabu kwa vidole. Anitha akajibu yote.

Saa tisa wakasoma jina. Anitha! Nilipiga vigelegele mpaka mlinzi akachungulia mlangoni. Mtoto akanirukia, nusura tuanguke wote wawili.

Cornel akapita, anatikisa kichwa. "Bibi, kumbe Mafia umeichukua kweli."

"Si ulinipa mwenyewe, baba?"

Nikachana ukingo wa khanga yangu mpya, nikamfunga Anitha mkononi.