Kanyaga, Achia

Tela lilikuwa juu ya jeki, gurudumu la kushoto linaning'inia, na fundi alikuwa amelalia gunia chini yake.

"Kanyaga!" alipaza sauti.

"Nimekanyaga, shangazi!" dereva akajibu kutoka kwenye pikapu.

Fundi akalisukuma gurudumu kwa kiganja. Likazunguka kama pia.

Hivyo ndivyo breki za umeme zinavyopimwa: mmoja anakanyaga, mwingine anasikiliza. Mguu ukigusa pedali, umeme hutoka kwenye kiboksi kilicho chini ya dashibodi, hupita kwenye plagi na nyaya mpaka kwenye sumaku iliyo ndani ya gurudumu. Sumaku ikishika, tela linatulia. Fundi alipima plagi, umeme upo. Alikwangua kutu kwenye waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye chuma cha tela, pakang'aa. Kiboksi nacho kiliwasha kijitaa cha kijani, maana yake kimeziona sumaku na kimeridhika. Asubuhi nzima ilikwenda hivyo, kanyaga, achia, kanyaga, achia, na fundi, ambaye hana subira na vyuma vinavyosema uongo, alishaanza kulitukana tela na ukoo wake wote.

Dereva, aliyeng'ang'ania breki zipimwe kabla ya safari, alikuwa mtoto wa kaka yake. Kaka mwenyewe ndiye aliyekuwa akilivuta tela hili zamani, mpaka siku lilipomsukuma kwenye mteremko huu huu ulio mbele ya geti la yadi na kumbamiza kwenye ukuta wa soko. Tajiri mwenye tela alisema marehemu alisinzia. Watu waliamini, kwa kuwa tajiri alilia sana msibani. Mjane mpaka leo akipita sokoni huinamisha uso.

"Kanyaga tena."

Fundi akajitoa chini, na kaka yake marehemu akatokea nyuma ya tela. Alivaa shati lile lile la kazi. Alikuwa ameshika ukingo wa tela kwa mikono miwili, amelala kinyumenyume kama mtu anayemvuta ng'ombe mkaidi.

"Umenenepa, mdogo wangu," alisema.

"Na wewe umekonda," fundi akajibu. "Achia!"

Dereva akaachia pedali, na kaka akatoweka. Alipokanyaga, akarudi pale pale. Fundi akajua kwamba huja na umeme.

"Usiondoe mguu," fundi alimwambia dereva. "Baba yako yuko huku nyuma."

Dereva angeshuka amsalimie, ingebidi aachie pedali. Kwa hiyo alibaki kitini, akakigeuza kioo cha pembeni mpaka akaona kiwiko, akakiamkia hicho.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hicho kiti usikilaze hivyo, utaumia mgongo."

Ndipo fundi alipoitazama miguu ya kaka yake. Nyayo hazikuwepo. Zilikuwa zimelika mpaka kwenye vifundo, sawasawa, kama kipande cha mwisho cha sabuni ya kufulia.

"Nani kakufanya hivi?"

"Fungua gurudumu utaona. Kila anayekanyaga, naitwa mimi. Sasa nikiitwa nikae nitazame? Nashika."

Fundi akalegeza nati, akaivuta ngoma ya breki. Mahali pa sumaku palikuwa na balbu. Ilikuwa balbu ya kawaida ya taa ya nyuma, imefungwa kwa waya na kubanwa kwa gundi, inawaka vizuri mahali ambapo hakuna mtu angeiona. Gurudumu la pili alipolifungua, balbu. Kiboksi kinachotafuta sumaku kikikuta balbu hakibagui, kinawasha kijani. Mtu alikaa chini akalifikiria jambo hili, akalifanya, akanawa mikono. Fundi alikuwa amemwona kaka yake bila kushtuka, lakini balbu ile ilimkata maini. Akaketi kwenye changarawe na spana mkononi. Kaka yangu hakusinzia, aliwaza. Hakusinzia hata kidogo.

Tajiri akaja kuuliza kazi imefika wapi. Akaitazama balbu, akamtazama marehemu.

"Pole na kazi," alimwambia. Kisha akamgeukia fundi. "Sumaku zilikuwa zinanimalizia matairi."

"Ulisema alisinzia."

"Hayo yalikuwa ya msibani, fundi, yamekwisha." Akainama, akavichunguza vile vifundo. "Kwani anashika?"

"Anashika kwa miguu yake!"

"Basi breki zipo. Funga magurudumu, mzigo wa watu unasubiri."

Fundi alisema hafungi. Tajiri akakunja mikono ya shati, akafunga mwenyewe, na alifunga vizuri, maana kazi hiyo aliizoea.

Fundi akamfuata dereva dirishani, akamwambia waache kila kitu, waende zao. Kijana akatikisa kichwa.

"Nikiacha mimi atapewa mwingine, shangazi, na huyo atakanyaga ovyo. Mimi nitateremka kwa gia tu. Sikanyagi."

Akaiachia pedali taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Tela likapakiwa saruji, likatoka getini. Fundi na tajiri walisimama juu ya mteremko wakitazama. Gia ilinguruma, ikashindana, kisha mlio ukapanda, na tela likaanza kuisukuma pikapu kama siku ile. Chini, mbele ya ukuta wa soko, wanawake walikuwa wanapanga nyanya. Taa nyekundu za nyuma hazikuwaka. Fundi alijua mguu wa kijana uko wapi na kwa nini haushuki. Alimpenda kwa hilo, na aliona anampoteza na yeye.

"Kanyaga!" alipiga kelele kwa sauti yake yote. "Kanyaga!"

Taa zikawaka. Nyuma ya tela alionekana mtu amelala kinyumenyume, na michirizi miwili ikajichora kwenye lami, kwanza myeusi, halafu myekundu. Tela likasimama hatua chache kabla ya nyanya.

Tajiri alijipangusa grisi kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Si unaona," alimwambia fundi. "Zinashika."