Alama ya Pasi

Kitendawili! Sema "tega" basi, na uache kuchezea hiyo kanga: mzigo ni wangu, mgongo ulioinama si wangu. Umeshindwa? Tulia, yuko wa kukujibia.

Walikuwepo mawifi wawili, kazi yao kufua na kupiga pasi vitambaa vya altare ya kanisa. Nta ya mshumaa ikidondokea kitambaa, yule mkubwa huweka karatasi juu yake, akapitisha pasi ya vuguvugu, karatasi ikainywa nta yote.

"Polepole, wifi," humwambia mdogo. "Nta haina haraka, mwenye haraka ni wewe."

Jumamosi moja mdogo akaona karatasi inamchelewesha. Akaibandika pasi ya moto vivi hivi. Kuinyanyua, lo! Kitambaa cheupe kina alama ya kahawia, pana kama uso wa mtu.

Mama mwenyekiti wa akina mama wa kanisa huyo mlangoni. "Nani kaunguza?"

Mdogo alishaonywa mara moja. Akarudi nyuma ya wifi yake.

"Ni mimi," akasema wifi mkubwa.

Akapokonywa ufunguo wa sakristia, chumba cha vyombo vya misa, aliokaa nao tangu nywele zake nyeusi, akahamia benchi la nyuma. Wanawake wakamcheka: "Macho yameshamtupa mkono, bibi wa watu!" Mdogo naye akacheka, asije akashtukiwa. Kicheko kile kikamkaa kooni kama mwiba wa samaki. Nyumbani wifi alimpakulia chakula kama kawaida, wala hakuligusia jambo lile. Afadhali angemtukana.

Ikafika Ijumaa Kuu. Altare imevuliwa vitambaa vyote, lakini mdogo aliiona ile alama palepale kwenye mbao tupu.

Katekista, mwalimu wa dini, akauliza, "Yesu hakuwa na kosa. Kwa nini alisulubiwa?"

"Kwa ajili ya dhambi zetu!" wakaitikia wote.

"Hilo hata kasuku analo. Wewe, mama mwenye majibu," akamnyooshea mdogo kidole, "ukimtazama pale msalabani, unaona nini hasa?"

Mdogo akasimama. Akageukia benchi la nyuma. Wifi yake akamtikisia kichwa: acha, mwanangu, kaa.

Hakukaa.

"Namwona aliyebeba langu, mwalimu, nami nimesimama na wanaomcheka. Mama mwenyekiti, uliuliza nani kaunguza. Ni mimi."