Herufi Moja Katika Damu ya Jovia

Mukandayisenga alikuwa akigawa chai kwenye mkutano wa wanasayansi, katika ukumbi mmoja wa Remera, Kigali, alipomwona binti yake ukutani.

Wageni walitoka nchi nyingi kuja kuzungumzia msimbo wa jeni, zile herufi zinazouambia mwili ujijenge vipi. Kwenye korido walikuwa wamebandika mabango ya utafiti wao. Bango moja lilikuwa na picha ya msichana aliyeketi kwenye mkeka, macho yamefichwa kwa mstari mweusi. Mstari haukuficha kitu. Yale magoti, lile kovu la moto mkononi, lile gauni la kitenge ambalo Mukandayisenga alilishona kwa mkono wake: alikuwa Jovia.

Jovia alianza kuangukaanguka akiwa na miaka mitatu. Alipofika mitano hakuweza kupanda hata ngazi mbili. Hospitalini walimpiga picha, wakachukua damu yake na ya wazazi wote wawili, wakasema majibu yatakuja. Hayakuja. Sibomana, mume wa Mukandayisenga, muuza vipuri vya pikipiki pale Sonatubes, akasema ugonjwa huo umetoka kwa ukoo wa mama, akahama nyumba. Sasa Jovia ana miaka tisa, na hubebwa mgongoni kwenda shule.

Mukandayisenga aliweka birika chini. Kiingereza hakukijua sana, lakini tarehe aliweza kuisoma. Jibu lilikuwa limepatikana miaka minne iliyopita.

Kando ya bango alisimama Daktari Habumugisha, yuleyule aliyechukua damu, kompyuta ndogo mkononi, akimweleza jambo profesa mmoja mgeni. Yeye na Mukandayisenga wote walikulia Bujumbura, na hata siku ile ya damu walizungumza Kiswahili.

"Daktari, huyu mtoto iko wangu."

Daktari aliitazama aproni yake kwanza, kisha uso. "Mama, tutaongea baadaye. Niko na mgeni."

"Tutaongea sasa. Hapa wameandika nini?"

Profesa alikuwa akiwatazama, kwa hiyo daktari akajibu. "Kuna herufi moja imekosewa. Mtoto alipata kosa hilo kwako, akalipata na kwa baba yake. Lingetoka kwa mmoja tu, asingeugua."

"Kwa baba pia?"

"Kwa wote wawili."

Mukandayisenga akaonyesha picha ya chini, mtoto mwingine akitembea. "Na huyu?"

"Huyo ni wa ng'ambo. Ana ugonjwa huohuo. Kuna vidonge vinawapa nguvu."

"Vidonge viko hapa Kigali?"

"Viko."

"Na ulijua miaka minne."

"Tulingoja utafiti uchapishwe, mama. Halafu simu yako haikupatikana."

"Namba yangu unayo kwenye hiyo kompyuta. Piga."

"Si lazima tufanye..."

"Nimesema piga."

Alipiga. Simu ikaita ndani ya mfuko wa aproni. Mukandayisenga aliiacha iite mpaka ikakatika yenyewe.

Ingrid, msimamizi wa wahudumu, alikuja akamshika kiwiko. "Rudi jikoni, unatuharibia kazi."

"Kazi chukua," alisema, akavua aproni. Akabandua bango pembe moja baada ya nyingine, akalikunja, akalitia kwapani. "Mtoto wangu hamuwezi kumwonyesha watu wote, mimi mkanificha."

Hakuna aliyemzuia.

Jumatatu alikuwa mlangoni pa ofisi kabla daktari hajafika. Alitoka na vidonge, na barua iliyopigwa muhuri ikieleza kosa lilitoka kwa nani na nani. Barua hiyo aliipeleka Sonatubes, akamsomea Sibomana kwa sauti mbele ya wateja. Sibomana aliuliza kama anaweza kuja kumwona mtoto. "Muulize mtoto mwenyewe," alimjibu, akaondoka. Malalamiko aliyoiandikia hospitali hayajajibiwa. Kila Ijumaa huenda kuyaulizia.

Wiki ya saba ya vidonge, nyumbani Kinyinya, Jovia aliinuka kwenye benchi bila kushikwa. Akapiga hatua nne hadi mlangoni, akacheka.

Mukandayisenga alimkumbatia, kisha akatoka nje. Aliketi juu ya matofali ya nyumba ya jirani inayojengwa, ngumi amezikunja. Miaka minne. Jovia angeweza kukimbia, angeweza kucheza kamba na wenzake. Machozi yalimtoka, na hayakuwa ya furaha.

"Mama," Jovia aliita kutoka ndani, "njoo uone tena."

Alijifuta uso kwa kanga, akaingia.