Moyo wa Karani

Siku Brashi alipoleta kile kizimba, Mzee Sekunde alikizunguka kama mtu anayekagua gari lililogongwa. Kilikuwa kizimba kizuri, hilo hata yeye hakuweza kulikana. Mbao zilipigwa randa zikawa laini, mlango ulikuwa na bawaba za shaba, paa liliinamishwa kidogo, na nje chote kilipakwa rangi nyekundu ya tofali lililolowa maji.

"Sungura umemtengenezea nyumba," mzee alisema. "Mimi umeniletea nini?"

"Nimekuletea heshima zangu, mzee," Brashi alijibu huku akicheka.

"Hizo hazikaguliki."

Brashi alikuwa mpaka rangi, mtu mrefu mwenye maneno machache. Viatu vyake vilikuwa na madoadoa ya rangi ya kila nyumba aliyowahi kuipaka. Alitaka kumwoa binti wa Mzee Sekunde, na alikuwa ameomba aje Jumapili pamoja na dada yake mkubwa kupokea jibu.

Mzee mwenyewe alikuwa fundi saa, na mtaa ulimpa jina hilo kwa sababu hakukubali kuambiwa "saa nne hivi." Saa nne ilikuwa saa nne, au haikuwa. Binti yake, mwoka mikate, alirudi nyumbani baada ya mume wake wa kwanza kumtelekeza. Mume yule alikuwa na ulimi wa asali, na mzee alimkubali kwa kikao kimoja, chai haijapoa. Safari hii alijiapia kwamba hatadanganywa na kioo cha mbele cha saa. Atafungua mfuniko wa nyuma aione mashine yenyewe.

Taabu ni kwamba Brashi hakuonekana kuwa na kasoro. Halewi, hakopi, kazini anafika kwa wakati. Kwa Mzee Sekunde, saa isiyo na kasoro hata moja ilitia wasiwasi kuliko ile iliyosimama. Kwa hiyo alimgeukia sungura.

Sungura huyo alikuwa wa binti, na jina lake Karani. Mgongo wake mweusi na kifua cheupe vilimfanya aonekane kama mtu wa ofisini aliyevaa kizibao, na alitafuna muda wote kwa haraka, kana kwamba ana mafaili ya kumaliza kabla ya bosi kufika.

Jioni ile ya kizimba Karani aliachiwa atembee sebuleni. Mzee aliinama, akanyoosha mikono ili ambebe amwonyeshe nyumba yake mpya. Karani akaukunja mwili na kupiga mguu wa nyuma sakafuni: du! Kisha akajificha chini ya meza.

Mzee aliinua kichwa. Brashi alikuwa amekaa kitini, anakunywa chai.

"Huyu mnyama amekuona wewe akashtuka," alisema.

"Mimi, mzee? Mbona nimekaa tu?"

"Ndiyo nasema. Umekaa."

Baada ya muda Karani alitoka chini ya meza, akanusa viatu vya Brashi, akazunguka kidogo, mara akaanguka ubavu, pu! Miguu ikanyooka, jicho likabaki nusu wazi.

Mzee aliruka. "Amezimia! Mmeona? Amenusa viatu, akazimia!"

"Amelala tu, baba," binti alisema.

"Nani analala kwa kuanguka? Wewe umeshaona mtu analala kwa kuanguka?"

Kwa kelele zile Karani alisimama na kukimbilia nyuma ya kabati, na kwa mzee hilo nalo likawa ushahidi.

Tangu siku hiyo Mzee Sekunde alikuwa na kazi mbili. Mchana alitengeneza saa kibandani kwake, na asubuhi kabla ya kutoka alimpeleleza sungura. Aliona alama za meno ukingoni mwa mlango wa kizimba. Alimwona Karani akiinamisha kichwa katikati ya miguu yake mwenyewe, akichukua kinyesi laini kinapotoka na kukila bila haya, huku akimtazama mzee usoni. Asubuhi moja akakuta sakafuni mkojo wenye rangi nyekundu ya tofali.

Alitoa mfukoni kitambaa cheupe cha kufutia vioo, akakichovya pale, kikawa chekundu. Akakifungia ndani ya kibati anachowekea springi.

Mama Mapacha, jirani wa nyumba ya pili, alikuwa anaanika nguo. Mzee alimfungulia kibati juu ya ukuta mfupi.

"Hiyo ni nini, fundi? Damu?"

"Angalia rangi vizuri. Inafanana na nini?"

Mama Mapacha aliangalia kibati, akaangalia kizimba kilichokuwa kibarazani. Akaziba mdomo kwa kiganja. "Rangi! Mnyama anatafuna rangi!"

"Mimi sijasema. Umesema wewe."

"Rangi nyingine zina madini ya risasi ndani yake, fundi. Zinaingia kwenye ubongo."

"Ndiyo maana anakula mavi yake," mzee alisema taratibu.

"Haa! Anakula mavi yake? Fundi, mwozeshe binti kwa mtu mwingine."

Ushahidi wa mwisho mzee aliutafuta kwa ufundi wake. Alimbana Karani kona ya sebule, akamkamata, akamweka kifuani, kisha akatega sikio kwenye mbavu zake kama anavyosikiliza saa iliyoletwa na mteja. Moyo ulikuwa unakwenda mbio mno hata pigo moja halikutengana na lingine. Pua nayo ilicheza bila kupumzika. Mzee aliijua hali hiyo. Saa inayokwenda mbio namna hii, springi yake nyembamba imegandana kwa mafuta machafu. Mashine imeingiwa na kitu.

Ijumaa, Brashi alipopita kumwachia binti salamu, mzee alimzuia mlangoni.

"Rangi ya kizimba ulinunua wapi?"

"Nilichanganya mwenyewe."

"Ulitia nini?"

Brashi alidhani ni utani. "Rangi, mzee."

"Basi Jumapili usije. Wala dada yako asijisumbue. Sungura anakojoa rangi yako."

Brashi alitazama viatu vyake. Alipojibu, hakupandisha sauti. "Mzee, kama umenikataa, nikatae mimi kama mimi. Usinipitishe kwa sungura." Akaondoka bila kugeuka nyuma.

Binti aliporudi kutoka kazini, unga ungali kwenye nyusi, tayari alikuwa amepigiwa simu na Brashi. Hakuvua hata aproni.

"Baba, umemfukuza?"

"Nimekuokoa."

"Ushahidi uko wapi?"

Mzee alileta kibati. Akaeleza yote: mguu, kuzimia, meno, mavi, mkojo, moyo. Aliyapanga kwa mfuatano, kama vipande vya saa iliyofunguliwa juu ya karatasi. Binti alisikiliza mpaka mwisho, na kwa kweli uso wake ulianza kuingia wasiwasi. Alishadanganywa mara moja, na mtu aliyeumwa na nyoka hushtuka hata akiona kamba.

"Kesho twende kwa daktari wa wanyama," alisema. "Akisema huyu mnyama amelishwa sumu, mimi na Brashi basi, sitamtaja tena ndani ya nyumba hii. Akisema si sumu, utakwenda mwenyewe kumwambia, kwa miguu yako na kwa mdomo wako."

"Sawa," mzee alisema. Hakuwa na shaka yoyote.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mikono yake ina mikwaruzo ya paka. Alimwacha kwanza Karani anuse meza. Alipotaka kumpima alimkinga kwa mikono miwili, kifua na makalio, polepole, na kumwegemeza mwilini mwake. Alitazama meno, masikio, macho, akabonyeza tumbo. Kisha akaomba mkojo, na bahati Karani alikuwa ameshaloweka boksi alilokuja nalo, mkojo mwekundu uleule. Daktari alichovya kijikaratasi cha kupimia.

Mzee alisogea kwa hamu. "Rangi, sivyo?"

"Hakuna damu hapa, mzee wangu. Na si rangi ya kupaka. Mkojo wa sungura hubadilika kutokana na majani anayokula. Leo wa njano, kesho wa chungwa, keshokutwa mwekundu hivi. Wengi wanakuja hapa wanalia."

"Na kula mavi?"

"Ni chakula chake. Tumbo lake linapitisha majani mara mbili. Asipofanya hivyo ndiyo anapungukiwa."

Mzee hakukubali kushindwa. Alikuwa bado na karata yake kubwa. "Moyo, daktari. Moyo unakwenda mbio kupita kiasi. Nimeusikiliza kwa sikio hili, na sikio hili haliongopi."

"Kiasi cha nani?"

"Cha... cha moyo."

"Cha moyo wako. Wake ni mdogo, kwenda mbio ndiyo kawaida yake. Tena ukiwa umemkamata unaongeza mbio."

Mzee alizifikiria saa zake. Kwenye ukuta wa kibanda chake kulikuwa na saa kubwa yenye timazi inayobembea, inayohesabu kwa uzito, tak, tak, kama mzee anayepanda ngazi. Kwenye droo yake kulikuwa na saa ndogo za kike ambazo sauti zake ni kama manyunyu juu ya bati. Katika maisha yake yote hajawahi kumwambia mwanamke hata mmoja kwamba saa yake inaumwa kwa kuwa haifanani na ile ya ukutani. Na bado, kwa sungura, alisema.

"Anapiga mguu wakati gani?" daktari aliuliza. "Maana hiyo ni ishara ya kuangalia. Anaonya. Kuna kitu anakiogopa."

"Brashi akiwepo," mzee alisema haraka.

Binti alimgeukia. "Baba. Brashi alikuwa amekaa. Wewe ndiye uliyekuwa umeinama kumbeba. Na siku nyingine alizopiga mguu, Brashi hakuwepo, ulikuwa wewe na sikio lako."

"Na kuanguka ubavu?" mzee aliuliza, sasa kwa sauti ndogo.

"Anaanguka ghafla, miguu anainyoosha? Hapo ameridhika," daktari alisema. "Mnyama anayewindwa na kila mtu hawezi kujitupa hivyo mahali asipopaamini. Mkiona haridhiki na chakula, hali kabisa au hatoi choo, mleteni siku hiyohiyo, msingoje kesho. Dalili hizi nyingine ni za afya. Ila muulizeni aliyetengeneza kizimba. Rangi si kitu cha kutafunwa, hata kama hajadhurika."

Hapo mzee alipata pa kushika. Njiani kurudi alirudia mara kadhaa: "Umemsikia? Amesema rangi si kitu cha kutafunwa." Binti alitembea mbele. Alikuwa amekumbatia boksi.

Walipofika, mzee alipitiliza hadi kwenye kizimba. Alivaa lenzi yake jichoni, ile ya kazini, akafungua mlango, na kwa mara ya kwanza akaingiza kichwa ndani mpaka mabegani.

Ndani hakukuwa na rangi. Mbao zilikuwa tupu, nyeupe, zimesuguliwa kwa msasa mpaka kwenye kona ambazo hakuna jicho lingefika. Hata ukingo wa ndani wa mlango uliachwa bila rangi, upana wa vidole viwili, na alama zote za meno zilikuwa kwenye ukingo huo huo. Nje, kwenye wekundu, hapakuwa na alama hata moja. Pembeni palifungwa kipande cha tawi kwa waya, kimetafunwa nusu. Mtu aliyekitengeneza alijua kabisa kwamba mkazi wake atatafuna, na alijua atatafunia wapi.

Mzee Sekunde alibaki mle ndani kwa muda, makalio yake yakiwa nje kibarazani. Kwa siku zote hizo alikuwa amekagua kioo cha mbele.

"Fundi!" Mama Mapacha aliita kutoka ng'ambo ya ukuta. "Umehamia?"

Alichomoa kichwa, majani kwenye mvi. Alimwambia binti yake, "Yuko wapi leo?"

"Anapaka ngazi za jengo la bima, karibu na posta."

Alikwenda kwa miguu. Brashi alikuwa juu ya ngazi ya mbao, roli la rangi mkononi, anapaka dari la ngazini, orofa ya kwanza. Alimwona mzee, akaendelea kupaka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Shuka."

"Nikishuka rangi itakauka na mstari."

"Basi nitasemea huku chini." Mzee alishika ngazi kwa mikono miwili, ingawa haikuwa inayumba. "Sungura ni mzima. Mkojo ni wa majani. Anayepigiwa mguu ni mimi. Nimeingiza kichwa kwenye kizimba leo. Ningekiingiza siku ile ya kwanza, nisingekutamkia maneno niliyokutamkia. Nimekosa."

Roli lilisimama. "Umeingiza kichwa chote?"

"Mpaka mabegani. Usicheke."

"Sicheki, mzee." Lakini ngazi ilitetemeka. Kisha ikatulia. "Na binti yako anasemaje?"

"Amesema nije kwa miguu yangu. Mengine atakwambia mwenyewe, jibu ni lake. Langu ni kwamba sina kasoro ya kutaja." Tone la rangi lilidondoka begani mwake, akalitazama, hakulifuta. "Kesho njoo na dada yako. Saa nne. Sikusema saa nne hivi."

"Nitafika, mzee."

Mzee aliachia ngazi, akaenda hatua chache, akageuka.

"Na vaa viatu hivyohivyo," alisema. "Karani asije akapata shida ya mahali pa kulala."