Wanawake wa Jikoni

Kuni zilikuwa mbichi. Fausta alipuliza mpaka machozi yakamtoka, moshi ukazidi, moto ukagoma. Akainuka, akajifuta uso kwa pindo la khanga, akapiga teke kuni moja kama imemtukana.

"Nani kaleta hizi?"

"Kamati ya mazishi," alijibu Sekela, akisuuza vikombe kwenye beseni. "Si wanajua wao hawapulizi."

Walikuwa nyuma ya nyumba ya Kasiani, mtaa wa Chapwa. Mbele ya nyumba turubai lilishafungwa, na viti vya plastiki vilishashushwa. Kila msiba wa mtaa ule ulikwenda hivyo hivyo. Watu wakishafika, mtu wa kamati hushika kipaza sauti na kusema, "Akina mama, karibuni huku mbele kwenye viti. Tunaomba na wanawake watusaidie jikoni." Hakuna aliyewahi kuuliza nani ni nani. Wenye sketi nyeusi, blauzi nyeupe na kilemba cheupe kilichopigwa pasi walikwenda vitini. Wenye khanga kiunoni walizunguka nyuma ya nyumba.

Loisi alizunguka nyuma ya nyumba miaka yake yote. Alipika misiba ya watu hadi akawajua kwa sufuria zao. Na alifanya kazi moja ambayo hata wa jikoni wenzake waliikwepa: kuosha maiti za wanawake. Mchana huo angezikwa yeye. Presha ilimwangusha kwenye foleni ya malori, beseni la viazi vitamu kichwani na birika la chai mkononi, kabla hajamfikia dereva aliyekuwa anamwita.

Kasiani, aliyeishi na Loisi miaka yote hiyo, alitokea mlango wa nyuma, shati limefungwa vifungo upande upande. Mkononi alishika mfuko mweusi wa nailoni.

"Shemeji, nimekipata. Alikiweka chini ya godoro."

Fausta aliufungua. Ndani kilikuwamo kilemba cheupe, upindo wake umeshonwa kwa mkono, shono dogo dogo la mtu mwenye subira. Hakikuwahi kuvaliwa hata siku moja.

"Aliniambia siku yake tumfunge hiki," Kasiani alisema. "Na akina mama wamwimbie ule wimbo wao kaburini. Hakuniomba kingine, Fausta. Maisha yetu yote."

"Hata mimi aliniambia."

"Sasa nani atakwenda kwa Mwenyekiti? Mimi wakiniona tu wanakumbuka dhambi."

Fausta akanawa mikono.

Kwenye barabara kuu malori yalikuwa yamesimama mstari mmoja hadi usione mwisho wake, yakingoja kuvuka kwenda Nakonde. Dereva mmoja Mzambia alimtambua, akatoa kichwa dirishani.

"Mayo! Bamayo Loisi bali kwi? Yuko wapi? Jana sikunywa chai."

"Amefariki, kaka. Tunamzika leo."

Dereva alivua kofia. "Awe, mukwai," alisema taratibu kama anayekataa, "awe." Dereva yule alimwita kila muuza chai wa foleni ile mayo, yaani mama, kwa heshima anayopewa mtu mzima, na hakumuuliza yeyote alifungia ndoa wapi.

Getini kwa Mama Ketrina, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama kanisani, binti wa kazi alimchungulia, akageuka na kupaza sauti ndani: "Mama! Kuna mwanamke hapa nje anakuulizia!"

Mama Ketrina alikuwa sebuleni anapiga pasi kilemba chake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pole na msiba, Fausta. Jikoni mmejipanga? Maana kikao kilipitisha pilau, sitaki tuaibike kama kule kwa Mzee Watson."

"Tumejipanga. Nimekuja kuhusu kilemba. Loisi alishona chake. Aliomba azikwe nacho, na kikundi kimwimbie."

Mama Ketrina alisimamisha pasi wima. "Mwanangu, ile siyo kofia. Ni kilemba cha akina mama wa ndoa. Loisi alikuwa mwanamke mzuri, mchapakazi, hakuna anayebisha. Lakini mama wa kikundi hakuwa. Aliishi na mume wa mtu."

"Mume wa nani? Mke wa Kasiani alivuka mpaka mwenyewe akaolewa upande wa pili, ana wajukuu huko. Kanisa likasema ndoa yao waliyofungia Msangano bado ipo. Sasa Loisi angefungishwa na nani?"

"Utaratibu sikuutunga mimi."

"Mama yako alipofariki kwa ule ugonjwa, akina mama walisimama mlangoni wameziba pua. Loisi aliingia peke yake. Utaratibu ulikuwa wapi siku hiyo?"

Pasi ilitoa mvuke. Mama Ketrina aliitazama, hakumtazama mgeni wake.

"Na nilimshukuru. Nilimpa khanga mpya."

"Ndiyo tuliyomfunika asubuhi hii."

"Basi, ana sitara yake. Inatosha." Akashika tena pasi. "Msisahau chai ya tangawizi, wazee wa kanisa wanapenda."

Fausta alirudi akijisemea njiani, watu wakimpisha. Wa ndoa! Kana kwamba Loisi alikuwa akiogopa kanisa. Alilijaza maji pipa la mafundi walipojenga ukumbi wa akina mama, ndoo kwa ndoo, na siku ya kuuzindua akawekwa nyuma ya ukumbi huo huo anachambua mchele.

Fausta na Sekela ndio waliomwosha Loisi. Utosini nywele za Loisi zilikuwa zimekatika kwa kubeba beseni, kikabaki kipara kidogo kinachong'aa kama sarafu. Fausta alikipaka mafuta. Halafu akachukua kilemba, akakifunga, akakaza nyuma, akavuta upindo mbele kidogo. Kilimkaa. Sekela alirudi nyuma hatua moja.

"Dada, mbona amependeza hivi?" alisema, akaanza kulia.

Wakati wa kuaga, Mzee Lusubilo, mzee wa kanisa, ndiye aliyetangulia kwenye jeneza. Alitazama mara moja tu. Akamvuta Kasiani pembeni, na sauti aliyodhani ni ya chini ikasikika hadi chumba cha pili.

"Hicho kitoke. Kikibaki, mimi sifungui kitabu. Mtamzika bila sala."

"Mzee, ni kitambaa tu."

"Kama ni kitambaa tu, kitoeni."

Nyuma yake akina mama walikuwa wamepanga foleni, weupe watupu vichwani, Mama Ketrina mbele. Kasiani alimgeukia Fausta.

"Shemeji, mfungue. Asije akaenda bila sala."

Fausta aliinama, akamfungua. Kipara kile kikaonekana mbele ya watu wote. Alikikunja kilemba mara mbili, mara nne, akainua kichwa cha Loisi na kukiweka chini yake, kama mto. Kisha akamkabili Mzee Lusubilo.

"Na mito ina utaratibu wake?"

Mzee alikohoa, akafungua kitabu.

Jeneza lilipotolewa, wanawake wa jikoni walirudi kwenye sufuria zao. Ndivyo ilivyo: waombolezaji wanakwenda makaburini, wa jikoni wanabaki, ili watu wakirudi wakute chakula kinafuka. Loisi aliosha na kupikia wafu wa mtaa mzima, na hakuwahi kumwona hata mmoja wao akishushwa kaburini. Fausta alisimama mbele ya mafiga. Moto, baada ya usumbufu wa asubuhi nzima, sasa ndiyo ulikuwa umekolea.

"Mimi nakwenda kumzika," alisema.

"Na pilau?" mmoja aliuliza.

"Mchele hauna haraka."

Sekela alikuwa wa kwanza kuvuta kuni mafigani na kuzipigapiga mchangani. "Wametuzingua vya kutosha," alisema. Wengine wakatazamana. Mmoja akafunika sufuria ya nyama, mwingine akajifunga khanga upya. Wakatoka wote kwa mlango wa mbele, wakinuka moshi, katikati ya viti vitupu.

Makaburini Mzee Lusubilo aliomba upesi upesi, kama mtu anayedaiwa. Ilipofika nafasi ya wimbo wa akina mama pakawa kimya. Palisikika udongo tu ukigonga mbao. Akina mama wakatazama viatu vyao. Ndipo Sekela alipoanza, sauti imepasuka kwa kilio, na wa jikoni wakampokea. Waliujua wote. Walikuwa wameusikia miaka mingi kwa mbali, ukija na upepo, wakati wakikoroga.

Waliporudi jua lilikuwa limepinda. Akina mama wakakaa vitini, wakavua viatu kwa siri chini ya sketi, wakangoja. Wazee wa kanisa wakangoja. Beseni la kunawia halikupita, chai ya tangawizi haikuonekana. Fausta na wenzake walikuwa wamekaa kwenye mkeka, karibu na Kasiani, miguu wameinyoosha, kama wafiwa.

Mama Ketrina alivumilia alivyoweza. Mwishowe akainuka, akaenda hadi kona ya nyumba, akachungulia mafiga yaliyopoa na mchele mbichi kwenye ungo. Akarudi, kilemba kimemwendea upande.

"Jamani," alisema kwa sauti, "hakuna mwanamke huko jikoni?"

Fausta hakunyanyuka. Aliutazama mstari wa viti, mmoja mmoja, hadi mwisho wa turubai.

"Wanawake wapo tele, Mama Mwenyekiti," alisema. "Si hao, wamekaa."