Mama Aliyesomewa Misa

Kila Ijumaa, mvua inyeshe au jua liwake, Maman Bibiane alikuwa na kazi ya kuwaliza Wazungu. Ndivyo alivyoiita mwenyewe, wala hakuisema kwa kicheko. Alikuwa katibu wa nyumba ya yatima wenye ulemavu huko Ibanda, mjini Bukavu, watoto kumi na saba, wengine hawaoni, wengine hawasikii, wengine miguu yao ilikataa kazi tangu wakiwa wachanga. Siku hiyo ya Ijumaa alichomeka modemu kwenye kompyuta, akaandika kwa Kifaransa habari za mtoto mmoja, na habari ikasafiri hadi Liège kwa Françoise, binti wa Bukavu aliyeolewa Ubelgiji. Françoise aliibandika kwenye ukurasa wa mtandaoni wa kuchangisha fedha. Watu wasiojua Bukavu iko upande gani wa dunia walisoma, wakasikitika, wakatoa.

Mwaka wa kwanza Maman Bibiane aliandika huku analia. Sasa ulikuwa mwaka wa saba, na aliandika huku anamenya ndizi. Tusimwonee kwa hilo. Moyo wa mtu nao una mwisho wake, na yeye alikuwa amekwisha kuandika vijiji vilivyochomwa, baba waliochukuliwa, mama waliobaki njiani, mpaka maneno yenyewe yakawa yanamjia yamepangwa tayari, hayahitaji kuitwa. Alikuwa amechoka. Si uchovu wa kulala ukaamka umepona. Alichoka kuuza vilio.

Mwaka huo, 2013, aliyewaliza watu kuliko wote alikuwa Joviale.

Joviale alikuwa na miaka minane. Magoti yake yalikuwa yamejikunja tangu homa ya utotoni, hayakunyooka tena, na alitembea kwa mikono, amevaa kandambili viganjani. Goma ilipoanguka mikononi mwa waasi Novemba iliyopita na watu wa Sake wakakimbia kwa maelfu kuelekea Minova, mama yake alimbeba mgongoni nusu ya njia. Nguvu zilipomwishia, alimpandisha juu ya lori lililokuwa limebeba wagonjwa na vizee, akasema atafuata kwa miguu. Lori halikusimama Minova. Dereva aliona moshi, akaogopa, akanyoosha mpaka Bukavu. Aliwaambia masista waliompokea Joviale na kumpeleka Ibanda kwamba waliokuwa nyuma barabarani wamekwisha wote, hakusalia mtu.

Walituma jina la mama huyo parokia kwa parokia, wakangoja, jibu halikuja. Baba alikuwa amefariki zamani. Basi Papa Grégoire, mkurugenzi wa nyumba, akasema msiba usiozikwa unamwozea mtoto moyoni, na mama huyo asomewe misa. Misa ikasomwa. Joviale alivalishwa gauni jeupe la kuazima, akasikia padri akitaja jina la mama yake, Bintu, marehemu, na akalia siku nzima. Siku ya pili aliomba maharagwe. Siku ya tatu aliandikwa rasmi kwenye daftari la nyumba, maana kanuni ilikuwa moja na haikupindwa: anayeingia awe amefiwa na baba na mama. Papa Grégoire hakuiweka kwa ukatili. Aliiweka kwa sababu watu walikuwa wameanza kuwaacha watoto wao getini alfajiri, kama takataka, na mchele haukutosha hata waliokuwamo.

Kwenye ukurasa wa Françoise, chini ya picha ya Joviale, palikuwa na mstari wa kijani unaorefuka kadiri watu wanavyotoa. Daktari wa mifupa alitarajiwa kupita Bukavu baada ya wiki tatu. Angenyoosha yale magoti, angempa vyuma vya miguu, na mtoto angesimama. Asipompata safari hii, atarudi baada ya miaka miwili, na daktari mwenyewe alisema kwamba miaka miwili ni mingi kwa mfupa wa mtoto. Mstari ulikuwa umebakiza kidole kimoja kufika mwisho.

Jumanne, saa saba mchana, watoto wamelala, Zagabe mlinzi alichungulia ofisini.

"Maman, kuko mama mumoja ku mulango. Anasema anatoka Minova. Nilimupa kiti, anakatala kukaa."

Aliingia mwanamke mwembamba aliyejifunga kikwembe cha kitenge kilichofubaa, miguu imejaa vumbi. Alibaki amesimama.

"Jambo, maman."

"Jambo sana, maman. Karibu, ukae."

"Miye naitwa Bintu. Nilikuya juu ya picha. Kwetu ku soko, ku marché ya Minova, kuko kijana anachajiaka batu simu. Siku moja anaonyesha batu picha ku Facebook, anasema, muone huyu mutoto wa hapa kwetu, bazungu banamuchangia. Miye nilikuwa napita na mihogo yangu. Nikaangalia."

Maman Bibiane alikuwa ameuona ule uso alipoingia tu mlangoni, yale macho yaliyoachana na kidevu kidogo, alivyovizoea kwenye picha aliyoipiga kwa mkono wake.

Tuseme ukweli: moyo wake haukuruka kwa furaha. Ulishuka. Wazo la kwanza lililompitia halikuwa Mungu mkubwa, wala mtoto amepata mama. Lilikuwa ule mstari wa kijani. Aliona aibu papo hapo, lakini wazo lilikuwa limekwisha kupita, na wazo likishapita halishikiki.

"Mutoto iko muzima," alisema. "Analala. Na kuko daktari atakuya. Anasema atasimama."

"Nani atasimama?"

"Joviale. Na vyuma, na magongo. Lakini atasimama, atatembea."

Hapo Bintu akakaa. Alikaa taratibu, mkono mmoja umeshika ukingo wa meza. Alitaka kuelezwa yote, naye Maman Bibiane akamweleza yote: upasuaji, vyuma, ukurasa wa Françoise, watu wa Ubelgiji, misa aliyosomewa Bintu mwenyewe, na kanuni ya nyumba. Bintu alisikiliza bila kukatiza. Alikuwa mwanamke wa sokoni, na mtu wa sokoni huisikia bei kabla haijatajwa.

"Kama ninamubeba leo," alisema, "ile operation itafanyika?"

"Zile franga zilitolewa za mutoto wa yatima, maman. Sijui. Sifikiri."

"Na kama miye siko?"

"Lakini uko."

"Nani anajua?"

"Miye najua."

"Wewe peke yako." Bintu alitazama mikono yake. "Si mulishanisomea misa? Ulisema padri alitaja jina yangu. Basi misa hairudishwi. Muache vile. Miye nilikufa ku barabara ya Sake."

"Maman, usiseme vile!"

"Nisemeje? Miaka munane nilimubeba ku mugongo, na siku yenye mugongo ilikatala, nikamupoteza. Miye siko na kitu ya kumupa. Siko na nyumba, siko na shamba, nalala ndani ya classe ya shule na batu makumi tatu. Wewe unaniambia mutoto atasimama. Mama gani atakatala?"

Kabla ya kazi hii Maman Bibiane alikuwa mwalimu miaka ishirini, hakuwahi kukosa la kumwambia mzazi. Lakini siku hiyo uchovu ulimsemea masikioni kwa sauti laini kabisa: hakuna anayeumia. Mama mwenyewe ameomba. Mtoto amekwisha kulia, ameshazoea. Nyumba itaendelea, mstari utafika mwisho, na wewe Ijumaa hutalazimika kuandika chochote kipya. Akainamisha kichwa, na hilo nalo ni jibu.

"Nimuone tu," Bintu alisema. "Kisha nitaenda. Boti ya Minova inaondoka saa tisa."

Alivua viatu mlangoni mwa chumba cha wasichana ili visipige kelele. Joviale alilala kitanda cha pembeni, amegeukia ukuta, shuka mpaka mabegani. Bintu alisimama katikati ya chumba, hakusogea karibu zaidi, kama mtu aliyeahidi jambo na anajua ahadi yake ni nyembamba. Alitazama kwa muda. Kisha akatoka, akavaa viatu, akamshika Maman Bibiane mkono kwa mikono yote miwili na kwenda zake bila kugeuka.

Maman Bibiane alirudi kukaa. Akafungua kompyuta kwa kuwa ndiyo kazi yake na mikono ilijua njia. Françoise alikuwa ametuma ujumbe asubuhi: tumebakiza kidogo, andika maneno mawili ya kuwasukuma watu. Aliandika lile neno lake la kila wiki, kwamba Joviale hana mtu duniani. Akalitazama. Akanywa maji. Alikuwa bado analitazama aliposikia kandambili zikipiga sakafu ya ukumbi, pa, pa, pa, zinakuja, na Joviale akatokea kizingitini.

"Maman Bibiane, alishaenda?"

"Nani?"

"Mama."

Maman Bibiane aligeuza kiti. "Si ulikuwa unalala?"

"Hapana. Kati ya chumba yetu na hapa kuko mbao tu. Nilisikia yote."

"Na juu ya nini haukumuita, mutoto wangu? Alikuwa pale pale!"

Joviale alitazama kandambili zake. Alijibu polepole, kama anavyojibu darasani asipotaka kukosea.

"Papa Grégoire alisema mutoto mwenye iko na mama hawezi kubakia hapa. Na mama alisema anataka nisimame. Nikafunga macho. Nilifikiri, akiona nimelala ataenda mbiyo, kabla nilie."

Miaka saba Maman Bibiane alikuwa anawafundisha watoto hawa kusema mbele ya kamera, kwa sauti inayosikika, mama yangu alikufa. Rudia, mutoto, usiangalie chini. Huyu ndiye aliyejifunza somo kuliko wote. Mama na mtoto, kila mmoja upande wake, wamejifanya maiti ili mwenzake apone, na katikati yao amekaa yeye, Bibiane, mkristu wa komunyo ya kila Jumapili, anamenya ndizi.

Akalia. Alilia kwa sauti, bila kujificha, mpaka Joviale akaogopa.

Kisha akafuta uso, akafuta na lile neno lake kwenye kompyuta. Funguo za ukurasa alikuwa nazo, hakuhitaji kumngoja Françoise. Aliandika mistari minne, mifupi kuliko yote aliyowahi kuandika: Mama yake Joviale hakufa. Anaitwa Bintu, anauza mihogo Minova, leo amekuja. Mtoto bado anahitaji kusimama. Anayeona amedanganywa atuandikie, atarudishiwa chake. Akabonyeza kabla woga haujamkuta.

Papa Grégoire aliingia akiwa na faili zake kwapani, akasoma juu ya bega lake. Faili moja ilianguka, hakuiokota.

"Bibiane. Umetuua."

"Papa Grégoire, sisi ndiyo tuliua. Miye nafufua mumoja tu."

"Na wale wengine kumi na sita? Watakula ukweli?"

Hakuwa mtu mbaya, Papa Grégoire. Alikuwa amechoka tu, kama yeye, pengine kuliko yeye. Maman Bibiane alisema, "Sijui, papa," akamwinua Joviale kiunoni, akatoka naye getini huku Zagabe akipiga mluzi kuita pikipiki.

Saa tisa kasoro robo walifika bandarini, mtoto amebanwa kati ya dereva na Maman Bibiane, ameshika kandambili zake kifuani. Watu walikuwa wanaingia botini na magunia na kuku. Bintu alikuwa wa tatu kutoka mwisho wa foleni, amejifunga kikwembe mpaka kichwani.

Aliwaona. Macho yake yalikwenda kwanza kwenye miguu ya mtoto, kisha yakampanda Maman Bibiane.

"Umefanya nini, maman?"

"Nimeandika kwamba uko muzima. Batu bote banaona."

"Na miguu yake?"

"Sijui. Pengine batatoa, pengine batakatala. Sijui."

"Haujui!" Bintu aliangusha mfuko wake. Watu waligeuka. "Miye natoka Minova, nakuachia mutoto ili asimame, na wewe unasema haujui! Nani alikutuma? Miye nilishakubali kufa, maman! Nilishakubali!"

Joviale aliachia shingo ya Maman Bibiane, akanyoosha mikono yote miwili.

"Mama," alisema, "miye sikukubali."

Bintu alimpokea. Alimpokea huku bado anamgombeza Maman Bibiane, akimbana mtoto kifuani na kugomba juu ya kichwa chake, kwamba watu wa ofisi hawana akili, kwamba walikuwa wamefika mwisho, kwamba kilibaki kidole, kidole kimoja tu. Aligomba na kulia, kulia na kugomba, na boti ya Minova ilipopiga honi na kuondoka, alikuwa hajamaliza.