Sanduku la Posta la Waceke

Gerishon alisema mara tatu, na zote tatu alisema mbele ya watu. Februari alisemea mlangoni kwa meneja. Aprili alisemea mkutanoni, wakamwambia akae chini. Mara ya tatu aliandika kwa herufi kubwa na kubandika karatasi kwenye mlango wa chumba cha kompyuta pale Ruiru: MSIGUSE SANDUKU LA POSTA KABLA HAMJANIULIZA. Mtu akaibandua akafungia mandazi.

Mwaka ulikuwa 1997. Kiwanda cha mananasi kilikuwa Thika, lakini kompyuta kubwa ilikaa Ruiru, katika chumba chenye baridi kama Limuru. Rekodi za wafanyakazi wote zilikuwa ndani ya programu ambayo Gerishon aliilea tangu 1979. Hakufundishwa na mtu. Aliingia akifagia, akaokota vitabu vya mashine vilivyotupwa, akasoma hadi mafundi wa Nairobi wakawa wanampigia simu yeye.

Sasa wenye programu walikuwa wametoa toleo jipya, wakamtuma Samir, mtaalamu wa tai na mkoba, aje ahamishe rekodi.

"Mzee, toleo lenu kampuni haihudumii tena tangu Desemba," Samir akasema.

"Na ililihudumia lini? Likikwama mlikuwa mnaniambia, zima, washa. Aliyelihudumia ndiye huyu unamwona."

"Lazima tuhame."

"Hameni! Lakini niulizeni vitu viko wapi ndani ya nyumba kabla hamjabeba."

Hakuulizwa. Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Programu ile ya zamani ilikubali tarehe ya kuanza kazi kwa walioajiriwa rasmi tu. Ukimwandikia kibarua tarehe, inakataa. Lakini vibarua hawakuwa na sanduku la posta, na nafasi hiyo ilikaa bure. Basi Gerishon akawaambia makarani waandike tarehe hapo. Waceke, aliyeanza kumenya mananasi tarehe kumi na nne Machi 1975, akawa na sanduku la posta nambari 140375. Hata walipoajiriwa rasmi, hakuna aliyezirudisha tarehe mahali pake. Chumba kizima kilijua. Ofisi ya meneja haikujua, maana haikuwahi kuuliza lolote kuhusu vibarua.

Toleo jipya halikutaka pengo. Likikosa tarehe, linajaza ya siku hiyo. Jumamosi moja rekodi zikahamishwa, na wanawake mia tatu na kumi na wawili walioanza kama vibarua wakawa wameajiriwa upya, wote kwa mpigo, tarehe saba Juni. Na Jumatatu Bwana Gachau, meneja, akaagiza orodha ya kupunguza watu: aliyeingia mwisho atoke kwanza.

Waceke alisikia jina lake kwa msimamizi. Akaja Ruiru kutoka kwake Kamenu, mtaa wa Thika, na aproni ya kazi, hakungoja kuivua, akamsimamia Gerishon.

"Baba Wangechi, eti mimi ni mgeni? Nimeingia juzi?"

"Mama Nyawira, umeingia hata kabla yangu."

"Basi iambie hiyo mashine yako!" Akanyoosha vidole vilivyoliwa na asidi ya mananasi. "Ama inataka kuona hivi?"

Gerishon akampeleka moja kwa moja kwa Gachau. Gachau hakumwangalia mama.

"Kompyuta imesema, Gerishon. Mimi si kompyuta."

"Ya zamani inasema vingine. Tepu za rekodi ninazo."

"Hiyo tumeizima. Na mambo yako ya migomo ya themanini na nne usiniletee hapa."

"Themanini na tatu," Gerishon akasema. "Ukiwa karani. Ulijificha stoo."

Mlango ukafungwa.

Lakini Gachau yule wa stoo hakuwa amebadilika. Mkataba na chama cha wafanyakazi ulitaka barua ya kuachishwa kazi imfikie mtu mkononi kabla ya mwisho wa Juni, la sivyo haina nguvu. Angeweza kuzigawa kiwandani kwa asubuhi moja. Akaogopa macho ya wanawake mia tatu wenye visu vya kumenyea. Akaamuru zipigwe chapa na kutumwa kwa posta, kwa anwani zilizo kwenye kompyuta.

Tarehe mbili Julai, muda wa mkataba ukiwa umeshapita, posta ya Thika ilirudisha gunia zima la barua. Gachau akalimwaga mezani, akamwita Samir, akamwita na Gerishon.

"Hii ni nini? Sanduku 140375? Thika ina masanduku laki moja?"

Samir akageuza bahasha moja, nyingine, ya tatu. Akaketi. "Mzee," akasema polepole, "hizi ni tarehe?"

"Haiya! Sasa ndiyo unaniuliza."

Jioni ya siku hiyo hiyo tarehe zikarudi mahali pake, na orodha ikatoka upya. Waceke alikuwa ukurasa wa mwisho kabisa, miongoni mwa wakongwe. Kichwani, jina la kwanza, lilikuwa la Jeconia wa idara ya magari, aliyeingia Januari. Mtoto wa dada yake Gachau.

Gachau aliisoma karatasi ile mara mbili. Akamgeukia Samir.

"Hatuwezi kurudi kwa ile orodha ya zamani?"

"Hiyo, bwana," Samir akasema akifunga mkoba, "kampuni haihudumii tena."

Gerishon alikuwa ameshatoka. Alikuwa na safari ya Kamenu, na bahasha moja mfukoni, ile ya sanduku 140375, ya kumwonyesha mwenyewe.